Mtoto Ana Jina, Hana Karatasi

Kisa hiki ni cha Uyole, pembezoni mwa jiji la Mbeya. Kimekusanywa kutoka kwa familia zaidi ya moja na kushonwa kuwa kisa kimoja, na wahusika nimewaondolea majina. Hata hivyo, aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ya mwanzo siku ya mashauri ya mirathi atakitambua, maana kinajirudia mji hadi mji.

Baba alikuwa dereva wa lori la mizigo, njia ya Dar es Salaam kwenda Tunduma. Mama alikuwa na genge la viazi, ndizi na maharage. Walipanga chumba na sebule, wakaanza maisha. Barua ya posa ilikuwa imepelekwa na kujibiwa, nusu ya mahari ilikuwa imetolewa, na pande zote mbili ziliwahesabu kuwa mtu na mkewe. Ndoa yenyewe waliisogeza mbele. Kwanza mahari imalizike, halafu mama ajifungue salama, halafu zipatikane fedha za sherehe.

Mtoto wa kike akazaliwa katika kituo cha afya cha kata. Muuguzi aliyewaruhusu asubuhi aliwapa kadi ya kliniki pamoja na tangazo la kizazi, akawaonyesha mlango wa pili kwenye veranda: "Mwandikisheni kabisa pale, ni bure, mnaondoka na cheti." Baba akajibu kwa heshima kwamba jina atalitoa babu yake mtoto, aliyeko Kyela, kwa hiyo watarudi.

Nawaomba wasomaji msimcheke wala msimlaumu kijana huyu. Kumngoja babu atoe jina ni adabu. Ila tazameni alichokiacha pale mlangoni. Zamani mzazi wa Uyole akitaka cheti cha kuzaliwa ilimbidi aende ofisi ya wilaya, apange foleni, alipe, aambiwe arudi. Mwaka 2013 mpango mpya wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano ulianza, na ulianzia mkoa huo huo wa Mbeya kabla ya kuenezwa mikoa mingine. RITA, wakala wa serikali unaosimamia usajili wa vizazi na vifo, ilishusha kazi hiyo hadi kwenye vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Cheti huandikwa kwa mkono, taarifa hutumwa kwa simu, na mzazi halipi kitu. Serikali ilikuwa imekileta cheti hadi hatua chache kutoka kitandani alipojifungulia mama.

Babu alitoa jina kwa simu wiki ya tatu. Aliyerudi kituoni kuandikisha hakuna. Baba alikuwa safarini, mama alikuwa ametoka uzazi na genge lilikuwa limefungwa muda mrefu mno. Tangazo la kizazi likabaki limekunjwa mara nne ndani ya kadi ya kliniki. Nafasi ya jina la mtoto ilikuwa wazi. Kwenye nafasi ya baba muuguzi wa zamu ya usiku alikuwa ameandika jina moja tu, lile analoitwa na madereva wenzake, kwa sababu ndilo mama alilolitaja katikati ya uchungu. Kwa kalamu, kwa haraka, jina la utani la mtu wa barabarani likawa ndiyo kumbukumbu pekee ya serikali kwamba mtoto huyu ana baba.

Mambo mengine mawili yalitokea mwaka ule, na yote yalionekana madogo.

La kwanza ni kiwanja. Upande wa Igawilo alipatikana mzee aliyetaka kuuza haraka, na alitaka fedha siku ile ile. Baba alikuwa kwenye msururu wa malori mpakani Tunduma. Akatuma fedha kwa simu kwa mdogo wake, naye mdogo akaenda ofisi ya mtaa, akaandikiana na mzee mbele ya mashahidi, muhuri ukapigwa. Mahali pa mnunuzi pakaandikwa jina la mdogo. "Ukirudi tutabadilisha, kaka," alisema, na naamini siku ile alimaanisha. Kaka akarudi, akakikagua kiwanja, akapanda migomba mitatu kwenye mpaka, akaondoka na safari nyingine.

La pili ni mazungumzo ya jioni moja. Mama alisikia kanisani mzee wa kanisa akihimiza watu waandike wosia, akaligusia jambo hilo wakati wa chakula. Baba akasukuma sahani. "Mama, mtoto hajaota meno, tayari unanizika?" Mama akaona aibu, akanyamaza, na hakulirudia tena.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa chote. Wengi wetu hatucheleweshi makaratasi kwa uvivu. Tunachelewesha kwa kuona uchuro: kumtaja mauti mbele ya kitanda cha mtoto mchanga ni kama kumkaribisha ndani. Nimewasikia watu wenye shahada, wanaosoma mikataba ya kazi zao neno kwa neno, wakisema hivyo hivyo. Hakuna aliyekufa kwa sababu ya kuandika wosia. Ila wapo watoto wengi waliokosa cha baba yao kwa sababu hakuandika, na hawa tunaishi nao, tunawaona.

Mtoto alikuwa na miezi kumi na moja lori lilipokatika breki kwenye mteremko wa Iwambi.

Siku ya kuanua matanga ukoo ukaketi. Mama wa mtoto alikuwa jikoni akipakua chakula pamoja na mawifi. Kikao kilifanyika sebuleni, watu tisa, na muhtasari ukaandikwa kwenye daftari la shule: marehemu ameacha wazazi na wadogo watatu, na ukoo unampendekeza mdogo wake wa kwanza kuwa msimamizi wa mirathi. Mtu mmoja aliuliza kuhusu mtoto. Baba mkubwa akasema, "Mtoto ni damu yetu, hawezi kupotea. Hayo ya karatasi yatafuata." Wakasaini, wakasali, wakala.

Sidhani kama sebuleni mle alikuwamo mwizi. Lakini muhtasari ule haukuwa wa kumbukumbu za nyumbani. Ulikwenda mahakama ya mwanzo ukiwa umeambatanishwa na cheti cha kifo, ukaingia kwenye jalada, tangazo likabandikwa ubaoni. Mahakamani mtu anayeonekana ni yule aliyeandikwa. Mtoto aliyeogeshwa na bibi yake kila asubuhi hakuwemo kwenye jalada, na mama aliyepakua wali wa kikao kile hakuwemo pia.

Mama alijua hayo baada ya majuma kadhaa, mwenye nyumba alipomwambia kwamba shemeji yake, yule msimamizi, amekuja kuulizia vyombo. Akaenda kwa msaidizi wa kisheria wa kata. Hawa ni watu wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao kwa wasio na uwezo ni bure. Dada yule alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza swali moja: "Cheti cha ndoa unacho?"

Mke mwenye cheti cha ndoa akienda kwenye mirathi hubishana juu ya mgao. Asiye nacho huanza kwa kubishana kwamba yeye ni nani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kuwa mume na mke, itachukuliwa kwamba walioana, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Watu hukiita kifungu hiki kwa mazoea "ndoa ya miaka miwili" na hukitegemea sana kuliko kinavyoweza kubeba. Mama alihesabu miezi kwa vidole. Mwaka mmoja na miezi kumi. Na hata wale waliofikisha miaka hiyo hulazimika kuleta mashahidi, kuhojiwa, na kungoja.

Na mjane mwenye ndoa kamili naye hayuko salama moja kwa moja. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963, na ambazo mahakama zimeendelea kuzitumia, zinasema mjane harithi iwapo marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake iliamua, katika malalamiko ya wajane wawili wa Tanzania, kwamba kanuni hizi zinavunja haki zao. Ndiyo maana nasema wosia ulioandikwa vizuri ni jambo la mapenzi. Mume anayefuata taratibu za kimila asiyeandika chochote anamwachia mkewe kanuni za mwaka 1963.

Kwa mtoto sheria ilikuwa na huruma zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtoto haki ya jina na ya kuandikishwa, inakataza kumnyima matumizi stahiki ya mali ya mzazi wake aliyefariki, na inataja njia za kuthibitisha uzazi: ndoa ya wazazi, jina la mzazi kwenye daftari la vizazi, mila iliyofanywa na baba, kukiri hadharani, na kipimo cha vinasaba. Msaidizi wa kisheria akazipitia moja baada ya nyingine. Ndoa hakuna. Daftari la vizazi, mtoto hajaandikishwa, na tangazo lenyewe lina jina la utani. Kipimo, baba amezikwa. Zikabaki mila na kukiri. Wakaweka pingamizi.

Siku ya shauri mama alifika na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na barua ya posa, kadi ya kliniki, picha za baba amembeba mtoto, na simu yenye kioo kilichopasuka yenye ujumbe wa fedha za maziwa. Mwenye nyumba alitoa ushahidi, mjumbe alitoa ushahidi. Shemeji akasema hapingi kwamba mtoto ni wa kaka yake, ila hakuna uthibitisho. Hapo mama mkwe, aliyekuwa nyuma kabisa, akasimama bila kuitwa. Hakimu akamwambia angoje, kisha akamruhusu kuapa. "Huyu ni mjukuu wangu," alisema. "Jina alipewa na babu yake, na babu alilitoa kwa simu mimi nikiwa nimeishika. Nilimwogesha kwa mikono hii. Mkiandika vingine mtakuwa mmeandika uongo."

Neno la bibi ndilo lililomfanya mtoto awe na baba mbele ya sheria. Nimefurahi kwamba alisimama. Lakini bibi yule angeweza kuwa mgonjwa siku ile, au akaona haya kumpinga mwanawe mbele ya watu, au akawa ametangulia mbele ya haki. Haki ya mtoto ilining'inia kwenye magoti ya mama mzee, na yote kwa sababu ya mlango wa pili kwenye veranda ya kituo cha afya.

Baada ya hapo ikaja kazi ya majina. Marehemu alikuwa mwanachama wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kwa kuwa alifia kazini kulikuwa pia na fidia kutoka Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kote huko mtoto ana haki, na kote huko wanahitaji karatasi zinazosema jambo moja. Kitambulisho cha taifa kiliandika ukoo kwa herufi "l" palipokuwa na "r" kwenye leseni ya udereva. Kwenye kumbukumbu za mfuko wa hifadhi ya jamii jina la kati halikuwepo, na wategemezi walioorodheshwa ni mama mzazi peke yake, kwa maana fomu ilijazwa kabla marehemu hajamjua mama wa mtoto. Kila tofauti ilitaka kiapo, barua ya mwajiri, barua ya mtendaji. Genge lilikuwa limeshakufa, nauli ya daladala ikawa ya kukopa. Kutoka msiba hadi malipo ya kwanza ya mtoto misimu miwili ya mvua ilipita.

Na kiwanja? Hakimu wa mahakama ya mwanzo alisema wazi kwamba hawezi kuamua ni cha nani, kwa kuwa migogoro ya ardhi ina vyombo vyake, na hapa ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayeweza kudai mali ya marehemu huko ni msimamizi wa mirathi. Msimamizi ni shemeji, yule yule aliyeandikwa kuwa mnunuzi. Ingembidi ajishtaki mwenyewe. Mama akaomba aongezwe msimamizi wa pili, mahakama ikamwongeza bibi, lakini mpaka hapo shemeji alikuwa amemuuzia mtu wa Mwanjelwa, na mtu wa Mwanjelwa alikuwa ameshamwaga msingi. Ushahidi wa fedha zilizotumwa kwa simu ungepatikana, kwa maombi, kwa ada, kwa wakili. Mama alikaa siku nyingi akifikiri, akaachana nacho. Migomba mitatu iling'olewa.

Nimekisimulia kiwanja kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo naona vijana wengi wanapoumia. Fedha inatumwa na mmoja, anayeandikiwa ni mwingine, wote ni ndugu, wote wanapendana. Mkataba wa mauziano wa ofisi ya mtaa ni karatasi moja, na kuandika majina mawili hakuongezi bei. Kama uko safarini, ahirisha kwa siku mbili au mtume mwenzako akaandike jina lako na lake. Muuzaji asiyeweza kungoja siku mbili ana jambo analoficha. Na kama jina la ndugu limeshaingia, andikianeni upya mbele ya mashahidi wale wale wakati wote mko hai na mnacheka pamoja.

Ndoa nayo haihitaji kungoja sherehe. Ndoa ya kiserikali huanza na tangazo la siku 21, kisha mnafungishwa na kupewa cheti. Sherehe mtaifanya siku mtakayojaliwa. Waliofunga kimila au kwa dini waulize kama ndoa yao imesajiliwa, maana ndoa inaweza kuwa halali na bado ukakosa karatasi ya kuonyesha dirishani.

Wosia watu huudhania kuwa kazi ya matajiri wenye mawakili. Kwa anayefuata taratibu za kimila, anayejua kusoma na kuandika anaweza kuuandika mwenyewe, autie tarehe na saini mbele ya mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, walio pamoja kwa wakati mmoja, mmoja wa ukoo na mwingine asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma anahitaji mashahidi wanne. Mwislamu anajua kwamba warithi wake wamekwishapangiwa mafungu, na kwamba wasia wake usizidi theluthi ya mali wala usimwendee mrithi; lakini anaweza kuandika madeni yake, mali zake zilipo, na nani amlelee mtoto. RITA hupokea wosia na kuutunza. Mtaje mlezi kwa jina. Mahakama itatazama kwanza ustawi wa mtoto, ila neno la mzazi lililoandikwa ni neno zito, na linazuia wajomba na baba wadogo kugombania mtoto juu ya kaburi.

Halafu kuna kazi ya nusu saa ambayo karibu kila mzazi mpya huisahau: kurudi kwa mwajiri na kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii kubadili wategemezi. Uliyemwandika ukiwa kapera bado yupo kwenye fomu. Bima ya afya vilevile itakudai cheti cha kuzaliwa ndipo imwingize mtoto. Ukiwa na cheti hicho mkononi, linganisha majina herufi kwa herufi na kitambulisho chako cha taifa, maana makosa hayo humfuata mtoto hadi ukubwani. Anayeomba mkopo wa elimu ya juu hutakiwa cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA, na yatima huhakikiwa pia cheti cha kifo cha mzazi. Kosa la muuguzi aliyechoka usiku mmoja linaweza kumkuta msichana wa miaka kumi na tisa akiwa na siku chache kabla dirisha la maombi halijafungwa.

Mama wa Uyole sasa anauza vitumbua. Binti yake yuko shule ya msingi, ana cheti, na jina la baba limeandikwa kamili. Bibi ndiye aliyefuatana naye hadi ofisi ya mtendaji siku kilipotoka.

Wewe mwenye mtoto ambaye hajatimiza miaka mitano na bado hana cheti, kesho asubuhi chukua tangazo la kizazi na kitambulisho, uende ofisi ya mtendaji wa kata au kituo cha afya kinachosajili. Kama babu hajatoa jina, mpigie simu usiku huu. Na baba asitume mtu. Nendeni wawili.